Maotea ya Shangazi

Mtafiti alipoliona doa la kwanza kwenye jani, alijiambia kuwa ni vumbi. Alikuwa amekuja kwa kaka yake kuzungumzia upanzi, kwa maana mawingu yalikwisha kujikusanya na magunia ya mbegu yaliijaza ghala hadi darini. Lakini miguu yake, kwa mazoea ya kazi, ilimpeleka kwanza mferejini, ambako ngano chache zilisimama kijani ilhali mashamba yote yalikuwa makavu.

Ngano hiyo aliizalisha yeye. Ujana wake uliishia katika kuichagua na kuichavusha, mpaka ikapatikana mbegu ambayo ugonjwa wa kutu uliigusa ukashindwa. Wakubwa wa kituo cha utafiti waliipa namba; watoto wa kaka yake wakaiita Shangazi, na jina hilo likaenea hata kwa wakulima wasiomjua shangazi mwenyewe.

Alitoa kitambaa cheupe, akalipangusa jani. Kitambaa kikabaki na unga wa rangi ya tofali.

“Wifi, umekuja kutusalimia au kutufulia majani?” mke wa kaka yake alimtania kutoka mlangoni.

Huenda, aliwaza, hii ni mbegu ngeni iliyojichanganya. Akalishika suke: halikuwa na ndevu, kama alivyokusudia mwenyewe alipoizalisha Shangazi. Matumaini yake yakaishia hapo.

“Nani aliyaacha maotea haya?”

“Muulize kaka yako. Kila tukivuna, punje zilizomwagika zikiota, mimi nashika jembe, yeye ananishika mkono. Eti nani amng’oe shangazi wa watoto?”

Kaka yake alitokea ghalani, amejaa makapi hadi kwenye nyusi. “Na sijakana,” alisema. “Za wenzangu zilipokuwa zikiugua, hii iliwacheka. Ningeing’oaje?”

Mtafiti alikikunja kitambaa polepole. Kutu haiishi ila kwenye mmea ulio hai. Maotea yangeng’olewa, ugonjwa ungekosa pa kulala baina ya mavuno na mvua. Kaka yake, kwa heshima tu, aliutandikia kitanda, tena juu ya ngano ile ile. Chembe za kutu zilizoshindwa zilikufa. Zilizoweza japo kidogo zikazaa, na watoto wao wakaweza zaidi. Ugonjwa ulikuwa umekaa darasani mpaka ukafuzu.

“Kaka, usipande.”

“Nisipande nini?”

“Shangazi.”

Wifi yake alianza kucheka, kisha akaiona ile rangi kwenye kitambaa.

“Uliniambia niache ile ngano ndefu ya mama,” kaka alisema bila kupaza sauti, “nikaiacha. Ukaniambia nijaze shamba zima hii moja, nikajaza. Sasa niambie, mdogo wangu, ya mama iko wapi?”

“Iko kituoni, kwenye mkebe. Mbegu yake haizidi ya tuta moja.”

“Tuta moja.” Alilitazama shamba lililokwisha kulimwa, kisha mawingu. “Na majirani? Wote wameweka mbegu hii hii.”

“Nitawaendea leo, nyumba kwa nyumba.”

“Utasema kuwa Shangazi ameshindwa?”

“Nitasema.”

Mtafiti alishuka mferejini akapiga magoti, akakumbuka kuwa mmea mgonjwa hauvutwi ovyo, usije upepo ukalibeba lile vumbi. “Nipeni gunia la kuyafunika,” alisema. “Gunia tupu.”

Tupu halikuwapo, yote yalijaa mbegu. Kaka yake alisimama kitambo, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja kuambiwa kuwa ni mzaha. Kisha akaingia ghalani.

“Hatujaitia dawa,” wifi yake alisema taratibu. “Tunaweza kuisaga unga tukala.”

Mtafiti aliitikia kwa kichwa. Kutoka ghalani ilisikika kamba ikikatwa, na baada yake ngano ikimwagika juu ya mkeka, ikimwagika kwa muda mrefu.