Kanda Arobaini za Ndiyo

Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa nikisafisha kinasa sauti kwa pamba na spiriti, nabadilisha betri, kisha naandika kwenye kanda mpya tarehe, kijiji na nambari. Siku ile, Agosti 1985, nilikuwa nimeandika "Vitengeni, 41" na wino haujakauka, Dakta Musembi akaingia uani na telegramu mkononi, povu la dawa ya meno bado liko kidevuni.

"Wameuwahisha mkutano," alisema. "Nasoma mada yangu Jumatatu. Kesho naondoka na basi la kwanza. Nyevu, tukishamaliza na huyo bibi wa leo, basi, kazi imekwisha."

Nilisema sawa. Mimi ni mtu wa kusema sawa.

Dakta alifundisha historia chuo kikuu Nairobi, Mkamba wa Kitui, na historia yake haikuwa ya vita wala ya machifu. Ilikuwa ya mashamba: nani alipanda nini, wapi, na kwa nini aliacha. Sikujua kama kuna kazi ya namna hiyo duniani. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule, naye alihitaji mtu wa kumtafsiria Kigiriama. Wiki ya kwanza tu nilikuwa nimeshasoma madaftari yake yote mara mbili. Aliniahidi barua ya kunipendekeza, ili idara yake inichukue mwaka unaofuata. Barua hiyo niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Ndiyo maana sikumwambia kuhusu zile kanda.

Dakta alikuwa amesoma, katika ripoti ya bwana shamba mmoja wa kikoloni, kwamba Wagiriama waliacha mtama miaka ya thelathini na mahindi yakachukua mahali pake. Basi kila nyumba tuliyoingia, Ganze mpaka Vitengeni, aliuliza vilevile: "Ni kweli, sivyo, kwamba wazee wenu waliuacha mtama?" Na kwetu, mgeni aliyetembea juani mpaka mlangoni pako humwambii amekosea. Unampa maji, unamwambia ndiyo. Nilizisikia zile ndiyo, nikajua ni za adabu, na nikazitafsiri kama za ukweli. Zote arobaini.

Bibi wa siku ile alikuwa Hawe Kahonzi. Hawe ndiyo nyanya, kwetu. Tulimkuta akipepeta kunde nje ya nyumba yake.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba. Huyu ndiye anayetafuta mtama uliokufa?" aliniuliza kwa Kigiriama, bila kuacha kupepeta. "Mbona mwembamba hivi? Huko chuoni hawamlishi?"

"Anasema nini?" Dakta aliuliza.

"Anasema karibu."

Tuliketi, tukapewa maji, nikawasha kinasa sauti. Dakta akauliza swali lake. Hawe akamtazama viatu vilivyojaa vumbi, akamwonea huruma, akasema ndiyo, waliuacha. Dakta akashukuru na kwenda kukaa kivulini, upande wa pili wa ua, kuandika.

"Ameridhika?" Hawe alininong'oneza.

"Ameridhika."

"Maskini. Katoka mbali."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda kwa kuwa kinasa kilikuwa kimezimwa na hakuna aliyenisikiliza ila yeye. "Hawe," nilisema, "ulipokuja kuolewa hapa, ulikuja na mbegu gani?"

Ungo ukasimama. "Aa. Hilo sasa ni swali."

Aliniongoza jikoni. Macho yakanitoka machozi kwa moshi, kisha nikaona. Juu ya mafiga, kwenye uchaga, yalining'inia masuke ya mtama, mafungu manne, meusi kwa masizi.

"Moshi unafukuza fukusi," alisema, akanyoosha kidole. "Huu nilikuja nao mimi kutoka Kakuyuni, ndani ya kibuyu. Mama alinipa, naye alipewa na mamake. Huu wa mke wa Baya, mwanangu, huko Ganze kwao. Huu wa mama mkwe wangu. Huu mfupi sikuupenda, lakini mwaka jana, mahindi yote yalipokauka tukala yale ya manjano ya serikali, ni huu uliozaa."

"Na wanaume wanajua?"

"Wanajua uji wake. Shamba la mahindi ndilo wanaloonyesha wageni. Huu tunapanda sisi, nyuma ya nyumba."

Nilichuchumaa palepale kwenye majivu, nikafungua daftari na kuchora. Mstari kutoka Kakuyuni kuja Vitengeni. Mwingine kutoka Ganze. Kila bibi arusi mstari, kila mstari mbegu. Nilikandamiza hata nikavunja ncha ya penseli, nikaendelea kwa kalamu. Mtama haukuachwa. Uliolewa. Ulitembea na wanawake miaka hamsini, na hakuna ripoti iliyouona kwa sababu hakuna bwana shamba aliyeingia jikoni. Nilitaka kucheka. Nilitaka kukimbia nyumba kwa nyumba kabla jua halijazama.

"Nyevu?" Dakta alikuwa mlangoni. "Kuna nini humo?"

"Kuna mtama, Dakta."

Aliingia akiinama. Alitazama juu muda mrefu, akashika suke moja kwa vidole viwili kama anayeshika yai. Nilipomwonyesha mistari yangu, alivua miwani, akaifuta, akairudisha ikiwa chafu zaidi.

"Lakini kwa nini hakuniambia?"

Nilitafsiri. Hawe akashangaa. "Hakuniuliza. Aliniambia yeye, nami nikamwitikia."

Hilo nililitafsiri neno kwa neno.

"Basi ni huyu mmoja," Dakta alisema taratibu. "Wale wengine walijibu kweli. Sivyo?"

Ningesema ndiyo. Angepanda basi lake, nami ningepata barua yangu.

"Sivyo," nilisema. "Walikuwa na adabu tu. Nilijua tangu Ganze, sikukwambia."

Aliketi juu ya kinu kilicholazwa. "Wiki tatu, Nyevu."

"Nisamehe, Dakta."

"Kanda arobaini. Jumatatu ningesimama mbele ya watu." Alijiinamia. Hawe akaniuliza kama mgeni anaumwa na tumbo, na hapo Dakta, ambaye alikuwa ameshajifunza neno la tumbo, akacheka bila kupenda. "Mwambie tumbo ni zima. Mada ndiyo imekufa." Akanigeukia. "Haya. Nitawaambia nimeiondoa. Sasa nani atarudi kwenye nyumba hizo arobaini?"

"Labda akipatikana mtu wa huku," nilianza, "ambaye kina mama wanamzoea..."

"Mtu gani?"

"Mtu aliyesoma kidogo. Anayejua Kigiriama."

"Nyevu, unasema nini?"

Uso uliniwaka. Hawe alikuwa ameacha kuchochea moto, akinitazama kama anayeelewa kila neno la Kiswahili.

"Nasema mimi," nilisema. "Nirudi mimi, niulize mimi. Barua ya kunisifu kwa kutafsiri siitaki tena. Kazi ninayoitaka, Dakta, ni hii yako."