Farasi Mia Tatu kwa Mwendo wa Matarumbeta

Tangu walipotoka nyumbani Tajeu hakuwa amefunga mdomo, na Simaloi hakuwa ameufungua.

Kaka mtu alitangulia mbele, akieleza injini za silinda sita kwa mikono yote miwili, mpaka wapita njia wakadhani anagombana na mtu. Dada mtu alifuata nyuma, amekumbatia mfuko mkubwa wa shangazi kaja uliojaa hata zipu yake ikawa inalalamika.

"Na hilo furushi la nini?" Tajeu aligeuka. "Tunakwenda kununua gari au tunahama?"

"Vitu vya saluni tu, kaka."

"Haya. Mwenye saluni hakosi mzigo."

Simaloi alitabasamu akainamisha macho. Moyo wake ulikuwa unaruka kama wa mtoto aliyeahidiwa sikukuu. Kwa miaka mingi Tajeu alikuwa ameendesha magari ya watalii, makubwa na yenye vumbi, wala hakuna hata moja lililokuwa lake. Naye Simaloi, tangu amalize masomo ya chuo Makumira, alikuwa akipamba maharusi katika chumba kimoja pale Sakina. Sasa akiba zao walikuwa wameziweka pamoja, wakakubaliana kununua sedani moja ya kifahari, iliyotumika lakini yenye heshima zake, waikodishe kwa maharusi. Ni moja tu. Wakikosea, ya pili haipo. Na Jumamosi ya wiki hiyohiyo Skolastika wa Kikatiti alikuwa anaolewa, naye alishaambiwa kwamba gari lipo.

Furaha ilikuwa tele, ila ndani yake mlikuwa na mwiba mmoja. Simaloi alimjua kaka yake: angechagua kwa kusikiliza mngurumo. Akajijua na yeye mwenyewe: angenyamaza. Alikuwa mtu wa namna hiyo, mwenye maneno mengi moyoni na machache mdomoni, na kila alipojiandaa kusema, mwenzake alikuwa ameshamaliza.

Yadi ya Mzee Muzammil ilikuwa kando ya barabara ya Nairobi, imepakana na gereji ya kuchomelea. Asubuhi ile pikapu ya kikundi cha matarumbeta ilikuwa imeinuliwa pale kwa jeki, springi yake ya nyuma inaungwa, na wapigaji walikuwa wamekaa juu ya matairi chakavu wakijipasha midomo. Kila baada ya muda tarumbeta moja ilitoa mlio, fundi akapiga nyundo, ikawa kama wanajibizana.

"Shikamoo, mzee," Simaloi alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni! Usiku nimeota nawauzia gari ndugu wawili wasiofanana."

"Na ndotoni ulipunguza bei?" Tajeu aliuliza.

"Niliamka kabla hatujafika hapo, bosi wangu."

Magari yalikuwa matatu, yote ya Kijerumani, yameoshwa yanang'aa. Mlima Meru ulikuwa umevua mawingu yake, na kilele kilionekana chote, kama kwenye kioo, juu ya boneti la lile jeusi, kimepinda kidogo kwa mzunguko wa bati. Tajeu alivuta pumzi. Simaloi naye alivuta ya kwake. Ya nini kudanganya, yalikuwa mazuri.

"La kwanza hili la rangi ya fedha," Mzee Muzammil alianza. "Limesajiliwa juzi, namba E. Kilomita elfu arobaini na moja tu. Milioni thelathini na tano."

"Namba E!" Tajeu alisema, macho yakamtoka.

Pale mjini gari linahesabiwa umri kwa herufi ya namba yake, kama mtu anavyohesabiwa kwa mvi. Lakini Tajeu hakuwa mjinga wa magari. Aliomba kadi akaisoma: limeundwa mwaka elfu mbili na tisa. Herufi mpya, mifupa ya zamani. Kisha akainama miguuni pa dereva, akainuka anacheka.

"Mzee wangu, kilomita elfu arobaini na moja, na mpira wa pedali umelika mpaka chuma kinachungulia? Mwenye gari alikuwa anaendesha amesimama?"

"Mimi nimelipokea hivyohivyo," Mzee Muzammil alijibu bila kupepesa macho, kisha naye akacheka. "Haya, tuliache lipumzike. Ni mtu mzima."

Yakabaki mawili, ndugu wa baba mmoja. Jeusi lilikuwa la mwaka elfu mbili kumi na sita, namba E, kilomita elfu sabini na nane, bei milioni sitini. Jeupe lilikuwa la elfu mbili kumi na tatu, namba D, kilomita laki moja na thelathini, bei milioni arobaini na mbili. Kwa jeusi wangemaliza akiba yote hadi senti ya mwisho. Kwa jeupe wangebakiwa na ya bima na ya mafuta.

"Laki moja na thelathini!" Tajeu alisema, kama aliyetajiwa ugonjwa.

"Za barabara kuu, siyo za foleni," Mzee Muzammil alimtuliza. "Mwenyewe alikuwa mtu wa Dodoma na kurudi. Kila oili iliyomwagwa, karatasi yake ipo."

Walianza na jeusi. Tajeu alishika usukani, Mzee Muzammil akakaa pembeni yake, na Simaloi akaenda nyuma na furushi lake. Hata kabla ya kutoka getini gari lilikuwa linarukaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Walipofika barabara ya mchepuko, mbele pakawa peupe, Tajeu akasema "Jamani, Mungu ni mwema," akakanyaga.

Dunia ilirudi nyuma. Migomba, vibanda, ng'ombe na mchungaji wao, vyote vilipita kama kitambaa kinachovutwa. Farasi mia tatu na zaidi waliamka kwa pamoja chini ya boneti, na Simaloi, aliyekuwa ameapa kutulia, alipiga kelele ya furaha mpaka akajiziba mdomo.

"Umesikia?" Tajeu aliita. "Hata bubu ameongea!"

"Punguza, bosi, kuna tochi ya trafiki pale mbele," Mzee Muzammil alisema, naye ameshika mpini wa mlango kama roho yake.

Mwendo ulipopungua ndipo Simaloi aligundua kwamba kila tuta nywele zake zilikuwa zinagusa dari. Paa la gari lile lilishuka kwa nyuma, zuri sana kwa anayelitazama kutoka nje. Alipima kwa kiganja kutoka kichwani hadi juu. Hapakuwa na nafasi hata ya taji. Akapima mlango: mwembamba, umekatwa kwa mshazari.

Akakumbuka harusi ya Desemba. Alikuwa amempamba binti mmoja tangu alfajiri, wakampandisha kwenye gari la kukodi lililokuwa la chini hivihivi. Kufika kanisani, shela limekunjamana kama karatasi ya maandazi, na waya za kuitanua sketi zimepinda. Yule binti alicheka, akacheka tena, kisha akalia kweli. Simaloi alipiga magoti kwenye ngazi za kanisa, anamfuta wanja kwa kitenge chake, huku kwaya imeshaanza kuimba. Siku ile ndipo alipowaza gari. Hakuwahi kumweleza Tajeu sababu. Tajeu alipoanza tu kuzungumzia injini, uso wake uling'aa hivi kwamba kumkatiza kulikuwa kama kuzima taa ya mtu anayesoma.

Jeupe nalo walilipeleka mchepuko. Lilikwenda vizuri, nalo lina farasi wake mia tatu, lakini halikurukaruka. Tajeu aliliendesha kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mama mkwe.

Waliporudi yadini alisimama katikati ya hayo mawili, mikono kiunoni.

"Jeusi," alisema.

"Chaguo la kidume," Mzee Muzammil alisema.

"Jeupe si baya, ila namba D, mdogo wangu! Watu watasema tumewaletea gari la mjomba. Na zile kilomita... Hapana. Jeusi. Au unasemaje?"

Simaloi alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga. Hayakutoka.

"Kimya ni kukubali," Tajeu alisema kwa furaha, na Mzee Muzammil akanyoosha mkono ili wapeane.

Hapo Simaloi akafungua zipu.

Gauni lilitoka kama maziwa yanayochemka na kumwagika. Lilikuwa lile pana kuliko yote ya saluni, lililokodiwa zaidi kuliko mengine, na waya zake za chini zilipoachiwa zilijitanua zenyewe zikapiga duara. Masikio yakiwaka moto, Simaloi akaliingiza kichwani juu ya blauzi na sketi yake, akavuta mikono, akabandika shela bila kioo.

Nyundo ya fundi ikanyamaza. Mama aliyekuwa anapita na beseni la ndizi alisimama, akatazama, kisha akapiga kigelegele kirefu ambacho hakikuuliza sababu. Na Sifaeli, mkuu wa matarumbeta, mtu ambaye kazi yake ni kupiga kila amwonapo bibi harusi, akainua chombo chake mdomoni.

"Yeyoo, mama yangu!" Tajeu alishika kichwa. "Simaloi! Umechanganyikiwa? Bwana harusi ni nani?"

Simaloi alishaanza kutembea. Alifungua mlango wa nyuma wa lile jeusi akaingia. Yaani alijaribu kuingia. Waya ya chini iligoma mlangoni. Alipoisukuma ikakubali, ila ya juu ikanyanyuka mbele kama mwavuli na kumfunika uso mzima. Shela likabaki nje. Kilichoonekana ndani ya gari la milioni sitini ni wingu la kitambaa cheupe na mkono mmoja unaopunga.

Yadi yote ilikufa kwa kicheko. Tajeu alijishika mbavu. Kisha kutoka ndani ya lile wingu ikaja sauti, haikuwa ndogo tena:

"Kaka! Hivi ndivyo Skolastika atakavyofika kanisani Jumamosi."

Kicheko cha Tajeu kilikatika. Alisogea, akainama, akaanza kumtoa dada yake taratibu, waya kwa waya.

"Ndiyo maana ulibeba furushi," alisema.

"Sisi tunanunua kiti cha nyuma, kaka. Cha mbele ni cha kwako tu."

Akaenda kwenye jeupe. Mlango ulifunguka wote, mpana. Alitangulia kukaa, akazungusha miguu, waya zikajikunja moja juu ya nyingine kama vyungu sokoni. Shela lilipanda na taji lake na bado palibaki nafasi ya kiganja. Mlango ukafungwa kwa mlio mdogo, bila kung'ata hata uzi.

Springi ya pikapu ilikuwa imekwisha kuungwa, na Sifaeli alitaka kuijaribu. "Bibi harusi tunaye, gari lipo," alisema, "tunangoja nini?" Wapigaji wakarukia nyuma. Pikapu ikatoka barabarani, na Tajeu akaifuata na lile jeupe, Mzee Muzammil pembeni yake.

Mwendo wa matarumbeta ni mwendo wa mtu anayetafuta shilingi aliyoidondosha. Farasi mia tatu walitembea kwa miguu. Mwanzoni Tajeu alikunja uso. Kisha bodaboda mmoja akawapigia saluti. Basi la Namanga likasogea pembeni likawapisha, na utingo wake akatoa nusu ya mwili dirishani akipiga vigelegele vya kiume. Watoto wakakimbia kando. Taratibu mabega ya Tajeu yalianza kupanda, mkono mmoja ukashuka kutoka kwenye usukani, akawa dereva wa rais.

"Sindano ya joto haijasogea hata kidogo," alisema kwa mshangao. "Mwendo huu, jua hili! Kumbe laki na thelathini ni gari lililozoea kutembea."

"Siyo maneno yangu hayo?" Mzee Muzammil alidakia. "Kwa hiyo arobaini na mbili."

"Thelathini na nane," ilisema sauti kutoka nyuma.

Wanaume wawili waligeuka pamoja, Tajeu akakumbushwa na honi kutazama mbele.

"Huyu si alikuwa bubu?" Mzee Muzammil aliuliza.

"Hata mimi ndiyo kwanza namsikia."

Simaloi alikuwa amekaa wima, shela linampepea. Sijui ni gauni, sijui ni matarumbeta, lakini maneno yalikuwa yanatoka tu, moja linamshika mwenzake mkono. "Matairi ya nyuma yamekwisha, mzee wangu. Nimeyaona tulipokuwa tunapanda. Thelathini na nane, au arobaini na utuvalishe mapya kabla ya Jumamosi."

Mzee Muzammil alitazama nje. Mbele Sifaeli alikuwa ameshavimba mashavu, na kando ya barabara Sakina nzima ilikuwa inapunga mikono.

"Nikibishana na bibi harusi mbele ya watu hawa," alisema, "nani atakanyaga yadi yangu tena? Arobaini, na matairi yako. Ila shikamoo zako zilinidanganya, mwanangu. Nilidhani nimepata mteja mpole."

Simaloi alicheka mpaka taji likamwinamia. Tajeu alimtazama kwenye kioo cha ndani, macho yakimeremeta.

"Lakini ile namba D..."

"Jumamosi itafunikwa na maua. Umewahi kusoma namba ya gari la bibi harusi, kaka?"

Alifikiri. "Hapana," alikiri. Wakaenda kidogo, tarumbeta zikilia, mlima ukiwa mweupe wa jua juu ya mapaa. Kisha akauliza taratibu, kama mtoto anayeomba kuongezewa nyama: "Na mchepuko je? Kabla ya kulipeleka nyumbani. Mara moja tu, nilisikie."

Simaloi alipitisha kiganja juu ya kiti, ngozi laini, yenye mkunjo mmoja mdogo wa uzee.

"Mara moja," alisema. "Lakini kwanza nivue gauni."