Nani Aligusa Mita

Kama kuna mtu aliyezaliwa bila breki za ulimi, basi ni yule msusi wa nyumba ya ghorofa, ambaye wapangaji wenzake walimbatiza jina la Kipaza. Akinong'ona chini, wa ghorofa ya juu wanaitikia. Kwa hiyo kampuni ya umeme ilipolikatia jengo zima umeme asubuhi moja, hakuna aliyeuliza nani atawasemea wapangaji. Ilijulikana.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mita zote za jengo zilikuwa kwenye ukuta mmoja, katika ujia wa chini, kando ya mlango wa saluni ya Kipaza. Mkaguzi wa kampuni alikuja na ngazi na tochi, akautazama ukuta, akatikisa kichwa, akaenda kupanda nguzo. Alipoulizwa kulikoni, alisema mita hazina lakiri. Lakiri ni vile vipande vidogo vya plastiki ya buluu vinavyoning'inia kwa waya mwembamba kwenye kifuniko cha mita, kuonyesha kwamba hakuna aliyekifungua. Mita isiyo na lakiri, alisema, imechezewa, na anayechezea mita ni mwizi wa umeme. Basi wapangaji wote, kuanzia mwalimu mstaafu mpaka fundi cherehani wa ghorofa ya juu, wakawa wezi kabla hawajamaliza chai ya asubuhi.

"Mwizi ni wewe na hiyo kampuni yako!" Kipaza alimfokea mkaguzi, aliyekuwa bado juu ya nguzo. "Shuka useme hapa, kama una ubavu!"

Tangu hapo hakutulia. Nywele za wateja alizisukia mlangoni, kwenye mwanga wa jua, na aliyetaka kukaushwa nywele alimwelekeza kwa mshindani wake wa mtaa wa pili, roho ikimuuma. Simu ya huduma kwa wateja ilimpigia muziki mpaka akajikuta anauimba akiwa anasuka. Akienda ofisini, dirisha la kwanza linamtuma dirisha la mwisho, na la mwisho linamwambia mtandao umegoma, arudi kesho. Akaenda kwenye Mamlaka, ile ofisi inayotakiwa kuzidhibiti kampuni za aina hiyo. Huko akaambiwa malalamiko yake hayapokelewi mpaka kampuni imkatalie kwanza kwa maandishi. Akarudi kwenye kampuni, nayo ikamwambia haina utaratibu wa kukataa kwa maandishi. Ucheke au ulie, shauri yako.

Walimpiga danadana, lakini hawakujua wanacheza na nani. Kipaza aliwakalia kooni. Kila asubuhi alifika Mamlaka akasimama mbele ya meza ya karani, akikataa kiti, akisema yale yale kwa sauti ile ile, mpaka karani akaona heri ampangie siku ya kusikilizwa kuliko kuendelea kumsikiliza peke yake.

Na nyumbani hakukuwa na pa kupumzikia. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa safarini, na nyuma alimwachia mama yake mzazi aliyekuwa amekuja kukaa nao mwezi uliotangulia. Mama mkwe alikuwa mtu wa usafi wa kupindukia. Wiki ile ile aliyofika alisugua jiko, madirisha na ujia mzima wa chini, ingawa ujia ni wa wapangaji wote na hakuna aliyemtuma. Na kila alipofanya kazi, alisema. "Mwanangu kaoa mdomo," aliwaambia wateja wa saluni, Kipaza mwenyewe akiwa pale pale na kitana mkononi. "Mikono aliisahau kwao." Wateja walicheka. Kipaza, ambaye angembishia hata waziri, kwa mama mkwe hakuwahi kufungua kinywa. Alimeza tu, akakaza msuko, na mteja aliyecheka akaipata stahili yake.

Jambo moja tu liliwaunganisha, nalo ni hasira kwa kampuni. "Wezi wakubwa," mama mkwe alisema kila alipowasha mshumaa. Siku ya kusikilizwa ilipofika alivaa gauni lake zuri, akachukua mkoba, akasema hawezi kukosa kumwona huyo anayewaita watu wazima wezi.

Chumba cha Mamlaka kilikuwa na mabenchi, feni ya kichovu na meza ndefu. Wapangaji walikaa upande mmoja. Upande wa pili alikaa mwakilishi wa kampuni, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, na mbele yake alikuwa ameweka lakiri moja ya buluu ndani ya mfuko mwangavu, iwe mfano. Mwenyekiti alikuwa hajaingia. Kipaza alikwenda dirishani, akarudi, akaenda mlangoni, akarudi. Alikuwa amewaahidi watu umeme, na watu walikuwa wamemwamini.

Mama mkwe alijisogeza mezani kuutazama ule mfuko. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Kumbe hizo lakiri mnazozipigia kelele ndizo vile vilebo?"

"Vilebo gani, Mama?"

"Vile vya pale ukutani. Siku ile nasafisha ujia niliviona vinaning'inia, vimejaa vumbi, kama nguo iliyotoka dukani ikavaliwa na bei yake. Nikavikata nikavitupa."

Kipaza aliutazama ule mfuko mezani. Akakumbuka mito mipya ya saluni, jinsi mama mkwe alivyoikata lebo zote kabla ya kuvua hata viatu.

"Vyote?" aliuliza.

"Sasa nibakize vya nani? Mimi nikisafisha, nasafisha." Halafu akamtazama mkwewe usoni, na tabasamu likaanza kumtoka. "Kwani nimefanya nini?"

Mwenyekiti aliingia na watu wakasimama.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Alimwapisha Kipaza, akamwapisha kijana wa tai, kisha akaanza na kijana. Ushahidi wa wizi uko wapi? Kijana akasema kukosekana kwa lakiri ndio ushahidi. Je, matumizi ya umeme katika mita hizo yalipungua? Kijana akapekua makaratasi, akasema hilo bado linafanyiwa uchambuzi.

"Adhabu mmeshatoa, uchambuzi bado?" mwenyekiti aliuliza.

Mabenchi yakacheka. Fundi cherehani alimgusa Kipaza begani. "Tumeshinda," alinong'ona. "Malizia."

"Msemaji wa wapangaji," mwenyekiti akamgeukia. "Umeapa kusema kweli. Kuna mtu yeyote katika jengo lenu aliyezigusa lakiri hizo?"

Lilikuwa ni suala la neno moja tu. Hakuna. Angesema hakuna, na nani angembishia? Hakuna aliyeona, na hakuna aliyejua isipokuwa wao wawili. Lakini wiki nzima na nyingine juu yake alikuwa amezunguka mji akiwaita wenzake waongo, na sasa uongo ulikuwa umemkalia yeye kwenye ncha ya ulimi, tena kwa kiapo. Na kweli je? Kweli ilikuwa imeketi benchi la nyuma, na gauni lake zuri, na mkoba mapajani. Akiitaja, itachekwa na jengo zima mpaka siku ya kuhama. Miguu ilimwasha. Alitaka kutembea na hapakuwa na pa kutembea.

"Nilizitoa mimi," alisema.

"Hatukusikii. Pandisha sauti."

Tangu azaliwe hajawahi kuambiwa hivyo. "Nilizitoa mimi! Nilikuwa nasafisha. Sikujua ni kitu cha maana."

Chumba kikalipuka. Kijana wa tai akaikaza tai yake. Mwalimu mstaafu akashika kichwa, na fundi cherehani akasimama. "Umetuuza!" alipiga kelele. "Ndiyo maana kila siku ulikuwa hapa! Wamekupa nini?"

"Muongo huyo!"

Sauti ilitoka nyuma. Mama mkwe alikuwa amesimama.

"Asafishe yeye? Tangu niingie kwake hajaupitisha ufagio kwenye ujia ule! Nilivikata mimi, kwa mkasi huu." Akaufungua mkoba, akautoa mkasi mdogo, akauinua watu wote wauone. "Mkwe wangu hajui lolote. Nimemwambia sasa hivi tu. Kama ni jela, nipelekeni."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Kisha akatoa uamuzi wake bila kuupamba. Kukata lebo si kuiba umeme. Kampuni haikupima chochote wala kumsikiliza yeyote kabla ya kukata, kwa hiyo irudishe umeme leo hii na ifute neno wizi. Lakiri mpya zitagharamiwa na aliyezikata za zamani. Kijana wa tai akasema kampuni itautafakari uamuzi huo. Mwenyekiti akamwambia autafakari huku fundi wa umeme akiwa njiani.

Njia nzima ya kurudi wapangaji walikuwa na furaha, na furaha ya watu hailali bila kumtafuna mtu. "Mama Mkasi," fundi cherehani alisema, "upite na kwangu basi, nina nguo zina nyuzi." Wengine wakadakia. Mama mkwe, mwenye jibu la kila mtu, alitembea akitazama chini. Kipaza ndiye aliyekuwa ameshinda, na alichotaka wakati ule ni kumzaba fundi cherehani kofi.

Alasiri umeme ukarudi. Jengo zima lilishangilia, redio zikapandishwa, na ile mashine ya kukaushia nywele ikaanza kuunguruma saluni bila mtu ndani yake. Kipaza aliizima. Akaenda chumba cha nyuma.

Mama mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkoba ungali mapajani. Hakuwa amewasha taa wala feni.

"Nimewatia watu gizani," alisema. "Na mimi ndiye niliyekuwa nawaita wale wezi."

"Ni wezi vilevile, Mama. Wangetuuliza kwanza."

Mama mkwe nusura acheke. Hakucheka. "Mbona ulisema ni wewe? Kosa langu, aibu yangu. Wangenisema mimi."

Kipaza alitafuta jibu zuri, la mkwe mwema, akalikosa. Alikuwa amechoka, na mtu akichoka hutoa lililo karibu.

"Mimi nimezoea kusemwa mbele za watu, Mama. Wewe hujazoea."

Mama mkwe alifungua mdomo amuulize ni nani aliyemzoesha. Akaufunga tena, na macho yake akayapeleka sakafuni.