Kompyuta Iliyopitia Kapsigowet

Mwalimu Edinah Chepchirchir alibonyeza kitufe cha kompyuta iliyokuwa stoo, akachukua ndoo, akaenda kukamua ng'ombe. Aliporudi, maziwa yakiwa bado na povu, kompyuta ilikuwa ingali nyeusi. Feni ilizunguka, na kijistari cheupe kilipepesa kwenye kona ya skrini. Akachuja maziwa, akapika chai, akamtoa mama yake Priscah chumbani na kumkalisha barazani, blanketi magotini. Alipokuwa anakoroga sukari ndipo stoo ikatoa mlio mfupi. Kompyuta ilikuwa imeamka.

Haikuwa kompyuta ya kuandikia wala ya michezo. Chepchirchir aliinunua kuukuu kutoka ofisi moja ya mjini Kericho iliyokuwa inafungwa, akaiweka juu ya magunia ya mahindi, na humo ndimo alimohifadhi sauti za wazee. Watu wa Sosiot na vijiji vya jirani walimletea simu zao zenye babu akieleza jinsi ya kufukiza kibuyu cha maziwa, au nyanya akimkemea mjukuu aliyekuwa anamrekodi. Aliyefika nyumbani hapo na simu yake aliunganishwa kwenye mtandao wa nyumba, akasikiliza.

Tangu kompyuta ianze uvivu huo, mtandao wa nyumba nao ulikuwa umeharibika. Simu zilionyesha zimeunganishwa lakini hazikufika popote. Chepchirchir alifundisha fizikia katika shule ya kutwa na alipenda kufuata jambo hadi mwisho wake, kwa hiyo tatizo hilo lilimkera kidogo na kumfurahisha zaidi. Isipokuwa kwamba muda haukuwepo. Wiki iliyofuata tume ya serikali iliyosikiliza walionyang'anywa mashamba zamani ingemsikiliza Priscah kwa video, kwa sababu magoti yake hayakuweza tena safari ya mjini.

Priscah alizaliwa Kapsigowet, mlima uliotazamana na baraza. Alikuwa mtoto watu walipoondolewa huko ili ipandwe chai. Chai ilikuwepo hadi sasa, imekatwa sawasawa kama meza, kutoka barabarani hadi ukingo wa msitu, na kampuni iliyoirithi kutoka kwa kampuni nyingine ilikuwa na karatasi zake zote.

Chepchirchir akampigia Joab Owiti.

Joab alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda Kapsoit. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, na Joab alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi upande wa pili wa mlima huohuo. Kikipsigis alikiongea kama mwenyeji, na Priscah alimwita mtoto wa Owiti ingawa Joab alikuwa na watoto wake mwenyewe.

Alifungua kompyuta, akapuliza vumbi, akachomoa vipande vya memori na kuvipangusa. Akabadilisha betri ndogo ya kwenye motherboard, ubao mkuu wa ndani, ile ya duara kama sarafu. Akabadilisha waya wa mtandao. Kisha akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio yake ya ndani, akatulia.

"Madam, nimepata," alisema. "Hii motherboard ilipangwa iamshwe na network. Kabla haijaangalia disk yake yenyewe, inauliza kwanza kwenye waya kama kuna mtu wa kuiamsha. Ofisi kubwa hufanya hivyo."

"Na kama hakuna mtu?"

"Inangoja, inachoka, inajiamsha."

"Basi ndiyo maana inachelewa."

"Hapana." Joab alikuna kidevu. "Hii haichoki. Hii inajibiwa."

Alizima mpangilio huo, akahifadhi, akaiwasha upya. Mpangilio ulikuwa umejirudisha. Akauzima tena, ukajirudisha tena. Akafungua laptop yake na kuonyesha kwamba ndani ya mtandao wa nyumba kulikuwa na mwingine aliyekuwa anagawa anwani, na alikuwa mwepesi kuliko router, kile kisanduku cha kugawa mtandao. Simu ikiomba anwani tu, inapewa na huyo, na baada ya hapo inakwenda anakokwenda yeye.

"Anakwenda wapi?"

"Tuone."

Joab akaandika amri ya kufuata njia ya ujumbe kutoka nyumba hiyo hadi Nairobi. Kwa kawaida ujumbe hupitia router, hupitia mnara wa Kapsoit, kisha huteremka. Huu, mahali pa namba, ulionyesha majina ya watu: ulipitia kwa Arap Mosonik. Kisha kwa Bot Chelule. Mstari wa tatu ulikuwa na nyota tupu. Wa nne ulikuwa kwa Arap Chumo, na hapo ukakaa.

Chepchirchir akatoka barazani, akamsomea mama yake majina.

"Ndiyo njia ya kwetu Kapsigowet, hao ni majirani," Priscah alisema. "Ukitoka mtoni unapita hapo hapo. Lakini mmeruka mtu kati ya Bot Chelule na Arap Chumo."

"Hapo pana nyota, Mama. Maana yake kuna mtu lakini hajibu."

"Huyo ni Arap Tonui. Hata zamani alikuwa hajibu watu." Priscah alivuta blanketi. "Na wamewasha moto. Mnachelewa kuona."

Ng'ambo, katikati ya mistari ya chai, moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka sehemu kadhaa, kila mmoja peke yake, kama moshi unavyotoka kwenye paa la nyasi asubuhi. Hapakuwa na paa. Wachumaji wenye vikapu mgongoni walikuwa wanauzunguka na kuendelea.

Chepchirchir alirudi stoo, akazima kompyuta. Moshi ukapungua, ukakatika. Akaiwasha. Kijistari kikapepesa, na moshi ukapanda tena, kwanza kwa Arap Mosonik, halafu mwingine juu yake. Alirudia mara kadhaa, kama anavyowaambia wanafunzi wake, mpaka akaridhika. Kompyuta ilichelewa kuamka kwa sababu ilikuwa inapita nyumbani kwa watu, na kila mahali iliambiwa ikae kwanza. Adhuhuri ilipofika, Priscah alimwambia aache kuwazimia watu moto, kuna watoto huko.

Siku iliyofuata alikuja Clifford, msimamizi wa walinzi wa shamba. Alivua kofia, akamsalimu Priscah kwa mikono miwili, akakubali chai.

"Meneja amesema niwaombe mzime hiyo kompyuta," alisema. "Majani yanashika harufu ya moshi. Kiwandani wamelalamika."

"Umejuaje ni kompyuta?" Chepchirchir aliuliza. Swali hilo lilimvutia kweli.

"Ikizimwa, moshi nao unazimika, Madam. Wachumaji wameona. Wakiwa na baridi wanaulizana kama mwalimu ameamka."

"Tutazima tume ikishamaliza."

Clifford akageuka taratibu kwa Joab, aliyekuwa amechutama mlangoni na bisibisi. "Owiti mzee bado anakaa ile nyumba ya kampuni, sivyo?"

"Bado."

"Bado mwaka mmoja astaafu."

"Ndiyo."

Clifford akamaliza chai, akashukuru, akaenda. Joab akauliza kama kuna waya mwingine mrefu zaidi.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Kama Joab angeng'oa kadi ya mtandao na kuweka nyingine kabisa, kompyuta ingewaka haraka, simu zingefika Nairobi, na tume ingemwona Priscah vizuri. Lakini Kapsigowet ingebaki chai tupu. Na kama angeiacha ilivyo, moshi ungekuwepo na tume isingepatikana, kwa kuwa kila kitu kiliishia kwa Arap Chumo. Alijaribu njia ya tatu, akatafuta waya wa pembeni wa kupitisha video peke yake. Ilipita kwa Arap Mosonik kama nyingine.

Asubuhi ya kusikilizwa, Priscah alivaa kitambaa chake cha kanisani, akaketi mbele ya kamera ya laptop ya Joab, mlima ukiwa nyuma yake dirishani. Skrini ilionyesha duara likizunguka.

"Wanatuzuia," Joab alisema.

"Hawatuzuii. Hakuna aliyewaomba njia," Priscah alisema. "Hicho kitu unachoandikia, kinafika kwao?"

"Kinafika, Kogo," Joab alijibu, akimwita nyanya kwa Kikipsigis.

"Waambie ni Priscah, mtoto wa Arap Koros. Waambie watupishe kidogo, tunaongea na serikali."

Joab akaandika hivyo hivyo kwa Kikipsigis, akatuma. Waliona jibu likija herufi moja moja.

"Wanauliza serikali ipi," Joab alisema.

Priscah alifikiri. Chepchirchir naye alifikiri. Swali halikuwa baya.

"Waambie ya sasa."

Duara likaendelea kuzunguka kidogo, kama mtu anayesogeza kigoda. Kisha sura ya Bwana Sagini, afisa wa tume, ikatokea, safi kabisa, akiwa na tai na chupa ya maji. Aliwasalimu, akaomba radhi kwa kuchelewa, ingawa hakuwa amechelewa.

Priscah alieleza. Hakulia wala hakupaza sauti. Alieleza mto ulipokuwa unavukwa, zizi lilivyokaa, mahali mama yake alipozika kitovu chake. Alieleza siku ambayo askari walikuja na watu wakaambiwa wabebe wanachoweza, na jinsi ng'ombe walivyokataa kuvuka mto, wakarudi peke yao usiku na asubuhi wakakutwa wamelala kwenye majivu.

"Mama, unaweza kutuonyesha boma lenyewe?" Sagini aliuliza.

"Si ndilo hilo nyuma yangu," Priscah alisema. "Moshi wa chini ni kwa Arap Mosonik. Juu yake Bot Chelule. Ule unaotoka mweusi ni kwetu. Kuni mbichi."

Sagini akasogea karibu na skrini yake. Alitazama kwa makini, akahesabu kwa kidole, akamwita mwenzake naye akatazama. Wakakubaliana kuhusu idadi.

"Tumeona moshi, Mama," alisema. "Umeonekana vizuri. Utaingia kwenye rekodi. Sasa, title ya hapo?"

"Title ni nini wakati ule?"

"Naelewa, Mama. Lazima niulize."

"Basi umeuliza."

Sagini akashukuru. Hapakuwa na dharau sautini mwake, na Chepchirchir, aliyekuwa amejiandaa kukasirika, hakupata pa kuanzia ubishi. Simu ilipokatika, Priscah akamwambia Joab awaambie kule kwamba wamemaliza, na ahsante. Njia ikafungwa tena.

Mvua ndefu ilikuja, ikapita. Uamuzi ulipotoka, Sagini alipiga simu mwenyewe. Tume imeridhika kwamba kuna moshi. Imeridhika kwamba moshi unatoka mahali mama aliposema. Hata hivyo moshi si hati ya umiliki, na kibali cha kampuni bado kina miaka mingi. Aliuliza hali ya magoti ya mama, na Chepchirchir akamjibu.

Katika kipindi hicho Owiti mzee aliambiwa nyumba yake inahitajika kwa ukarabati. Alihamia Kapsoit kwa Joab na viti vyake na redio. Nyumba haikukarabatiwa. Joab hakulisema jambo hilo kwa Chepchirchir. Chepchirchir alilijua kwa kumkuta mzee ameketi nje ya kibanda, akimpangia mwanawe waya kwa rangi.

"Pole, Mzee," Chepchirchir alimwambia. "Ni kwa sababu yetu."

"Si ninyi," Owiti alisema. "Nimelala mlimani pale miaka yangu yote ya kazi, kila siku nikisikia watu wakiongea chini ya sakafu. Nilidhani ni majirani."

Kompyuta ilibaki ilivyo. Chepchirchir alinunua router ya pili kwa ajili ya simu zinazotaka kufika Nairobi, na ile ya kwanza akaiachia Kapsigowet. Sauti za wazee zilianza kuongezeka humo bila mtu kuleta simu. Alikuta mwanamke akielekeza jinsi ya kuvuka mto maji yakiwa mengi. Alikuta mwanamume aliyekaa kimya muda mrefu, akakohoa, akanyamaza tena, na Priscah akasema huyo ni Arap Tonui na kwamba kwa kipimo chake ameongea sana.

Clifford alikuja tena, safari hii na mkebe mdogo mweusi wenye maandishi ya dhahabu. Kampuni ilikuwa imetenga majani ya Kapsigowet peke yake. Yalikuwa yanauzwa ng'ambo kama chai ya moshi, na bei yake ilikuwa mara kadhaa ya chai ya kawaida. Meneja alikuwa anawasalimu. Alikuwa anaomba, kama haitakuwa usumbufu, kompyuta isizimwe.

Priscah alitaka kuionja. Chepchirchir akaipika bila maziwa, kama mkebe ulivyoelekeza. Mama yake alinusa kikombe kwanza, akakinusa tena, akanywa taratibu.

"Kuni ni za mzeituni wa msituni," alisema. "Lakini bado mbichi. Baba hajarudi na zilizokauka."

Ng'ambo moshi ulikuwa unapanda wima, kwani hapakuwa na upepo.

"Clifford," Chepchirchir alisema, "Mama anaweza kupelekwa pale juu? Akae kidogo tu na moto. Nitakodi gari mpaka kwenye lango, halafu tutambeba."

Clifford aligeuza kofia yake mikononi. Alisema kwa upole kwamba yeye binafsi hana neno, lakini wageni hawaruhusiwi kupita lango.

Priscah hakubishana. Alimalizia chai, akaweka kikombe chini.

"Wewe mwenyewe unapitaga pale?"

"Kila siku, Kogo."

"Basi usipite kama mtu asiye na adabu. Ni milango ya watu ile. Ubishe hodi."

Clifford akasema huwa anabisha.