Fundi Ana Foleni

Mwalimu wetu wa upigaji picha, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, alitupa kazi: tupige picha ya viatu vya mtu tunayemjua, mpaka anayeitazama amwone mtu huyo bila kuona uso wake. Picha zitakazofaulu zingetundikwa ukutani siku ya kufunga darasa, na familia zingealikwa. Mke wangu alikuwa ameniazima simu yake, maana kamera yake ni nzuri kuliko yangu, na alishawatangazia wenzake wote kazini. Nilitamani sana ya kwangu itundikwe.

Nilichagua viatu vyake vyeusi. Ni mpishi wa shule, anasimama kutwa. Jumapili asubuhi niliviweka juu ya meza karibu na dirisha, nikaona kisigino cha kushoto kimelika upande mmoja. Mimi ni fundi viatu. Nilikibandua, nikaweka kipya, nikapiga rangi pande zote. Ndipo nikapiga picha.

“Baba watoto,” mke wangu akasema, “miaka miwili nakulilia kisigino hicho. Kumbe dawa yake kamera!”

Darasani, kinyozi anayekaa nyuma yangu aliuliza, “Bei gani, mzee?” Wakacheka. Mwalimu hakucheka.

“Mwanga umeupata vizuri sana,” alisema. “Ila mtu simwoni. Naona duka.”

Nikaandika kwenye daftari: naona duka. Njiani nilikasirika kidogo. Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imekwisha, kwa sababu alisema kweli. Mke wangu angeonekana kwenye kile kisigino nilichokitupa.

“Walisemaje?” akaniuliza, akivua kandambili mlangoni.

“Wanasema huonekani.”

“Na kilo zote hizi?”

Nikacheka, nikainama kuzisogeza zile kandambili. Ukanda wa mguu mmoja ulikuwa umekatika, ukashonwa kwa uzi mweusi wa nguo, mishono midogo midogo iliyobanana.

“Nani kakushonea?”

“Nimeshona mwenyewe. Fundi ana foleni.”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa tayari anaelekea jikoni. Vidole viliniwasha nizitengeneze. Gundi na sindano vilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nikashika simu kwa mikono miwili ili nisiguse kitu kingine, nikazipiga picha zilivyokuwa, moja mbele ya mwenzake.

Wiki iliyofuata niliionyesha picha ile darasani. Kinyozi ndiye aliyesema, kwa upole safari hii, “Mama huyu anajitahidi. Hana fundi?”

“Anaye,” nikasema. “Ni mimi.”

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliniuliza kama nataka itundikwe. Nilijua wageni watauliza alichouliza kinyozi, na mke wangu atakuwa amesimama pale pale na wenzake. Nikamwomba anipe siku moja.

Nyumbani nilimwonyesha picha, nikamweleza yote, na swali la kinyozi pia. Aliikuza kwa vidole mpaka mishono ikajaa kioo chote.

“Imenyooka,” akasema.

“Imenyooka kuliko yangu.”

“Basi itundike. Akiuliza mtu, nitamjibu mwenyewe.”

Nikainama nimvue ile kandambili nikaitengeneze. Akarudisha mguu nyuma.

“Iache kwanza, mume wangu. Nataka niende nayo hivi hivi, waone ni kweli.”