Unga Ulioyeyuka kwa Kura

Mpima maji alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kazi yake katika ofisi ya usalama wa bidhaa ilikuwa moja tu: kutia vitu majini na kusema kama vimeyeyuka. Kikiyeyuka, kinaandikiwa fomu nyeupe na kwenda sokoni. Kisipoyeyuka, kinaandikiwa fomu nyekundu na kupelekwa kwa wale wanaochunguza matumbo na mapafu, na huko hukaa mwaka mzima.

Safari hii alikuwa na unga mweupe wa kutiwa kwenye dawa ya meno ya watoto. Chembe zake zilikuwa ndogo mno. Elfu moja ukizipanga foleni hazifikii unene wa unywele. Aliutia kwenye maji yenye joto la mwili wa mtu, akautikisa siku nzima, akauchuja. Chujio likabaki safi kama sahani ya mwenye njaa.

"Basi umeyeyuka," alisema Mkuu wake, mtu wa tumbo kubwa na kalamu tatu mfukoni. "Kanuni inasema kilichopita kwenye chujio kimeyeyuka. Tia sahihi."

"Mkuu, umepita kwa sababu matundu ya chujio ni makubwa kuliko chembe. Panya akipita chini ya lango utasema ameyeyuka?"

"Panya hana fomu."

Mpima maji akayatia yale maji kwenye mashine ya kuzungusha, akaizungusha mpaka meza ikatetemeka kama mgonjwa wa homa. Alipotoa kichupa, unga ulikuwa umelala chini, mweupe pe.

Mkuu akakiinua dirishani, akakitazama kwa muda. "Huu ulikuwa umeyeyuka. Wewe umeutisha."

Mpima maji hakucheka. Nyumbani alikuwa na mjukuu wa miaka mitatu aliyekuwa akila dawa ya meno kama uji. Ingekuwa chumvi, asingejali, inayeyuka, inatoka. Chembe hizi hakuna aliyejua zikifika tumboni zinahamia wapi.

"Sitii sahihi," akasema.

"Basi tufuate utaratibu."

Utaratibu ulikuwa kwamba mpimaji akitofautiana na mkuu wake, inaitwa kamati. Wakaja watu wanane, wakakizunguka kichupa. Mwanasheria akauliza kama unga ulipewa nafasi ya kutosha ya kuyeyuka. Mwakilishi wa wafanyakazi akataka kujua kama maji yalilazimishwa. Mama wa stoo akasinzia. Saa saba mchana njaa ikawabana, wakapiga kura. Saba wakasema umeyeyuka. Mama wa stoo alipoguswa bega akafumbua macho, akatazama kichupa.

"Si ule pale chini?"

Kura yake ikahesabiwa kuwa imeharibika.

"Haya, andika," Mkuu akasema.

"Niandike nini?"

"Kilichotokea. Kwani hujui kuandika?"

Mpima maji akachukua fomu nyeupe. Penye "Imeyeyuka" akatia alama. Penye "Njia iliyotumika" akaandika: Kura. Penye "Kiasi kilichobaki chini ya kichupa" akaandika: Chote. Akatia sahihi kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote. Mkuu akagonga muhuri bila kusoma, maana chakula chake kilikuwa kinapoa.

Baada ya wiki mbili jibu likaja kutoka makao makuu. Mkuu akalisoma kwa sauti, kisha akalirudia polepole. Njia ya kura, waliandika, ni mpya na inavutia. Hata hivyo kanuni ni ile ile: jaribio lirudiwe mara tatu, kila mara kwa kamati nyingine, wajumbe wasijuane, na joto liwe la mwili wa mtu. Kabla ya hapo unga usitoke.

"Ofisi nzima tuko kumi na mmoja," Mkuu akasema kinyonge. "Na hilo joto nitalipata wapi?"

"Joto wajumbe wanalo wenyewe, Mkuu. Kutojuana ndiko kutatusumbua."

Mpima maji akaubeba mfuko wa unga mpaka stoo. Mama wa stoo akaupokea, akatafuta kufuli.

"Niufungie mpaka lini, baba?"

"Mpaka tusahauliane."

Mama wa stoo akafikiri kidogo, akatafuta kufuli kubwa zaidi.