Kaboni za Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na kwa ukaidi hana mpinzani. Nilimwomba aniundie molekuli: gololi tano nyeusi ziwe kaboni, zishikane kwa vijiti vya chuma, na vijiti vilivyobaki aviache wazi, maana hiyo ndiyo mikono inayoshika haidrojeni. Alinisikiliza huku akitafuta miwani yake.

Nilikuwa mwalimu wa kemia, bado kwenye kipindi cha majaribio. Siku ya kuitumia molekuli hiyo, mkaguzi angekaa nyuma ya darasa, na somo hilo moja lingeamua kama ninaajiriwa au nafungasha virago. Wanafunzi wenyewe walishanitoa jasho. Kaboni hupewa daraja kwa kuhesabu kaboni nyingine inazoshikana nazo, basi. Wao walihesabu na haidrojeni humohumo, na kwa kuwa kila kaboni ina mikono minne, kwao zote zilikuwa za daraja la nne.

Molekuli ilifika imefunikwa kitambaa, nami nikaifunua mbele ya darasa. Bwana mkubwa alikuwa amechomelea gololi nyeusi kwenye kila ncha. Kaboni zangu tano sasa zilikuwa za daraja la nne kwelikweli. Nilimlaani kimoyomoyo, yeye na mashine yake.

Mkaguzi akakohoa. Sikuwa na la kufanya ila kuchukua chaki. Nilimwonyesha msichana wa dawati la mbele kaboni ya katikati, nikamuuliza imeshikana na kaboni ngapi. Akasema nne. Nikaipaka chaki gololi moja ya nchani mwake hadi ikawa nyeupe, nikamwambia hii sasa ni haidrojeni, ahesabu tena.

"Tatu," akasema polepole. "Kumbe imeshuka daraja, mwalimu."

Darasa likachangamka. Waligombania chaki, wakashusha kaboni moja hadi daraja la pili, nyingine hadi la kwanza, wakibishana kama madalali. Mkaguzi naye akasogeza kiti mbele. Kengele ilipolia alinipa mkono, akaniambia nije Jumatatu kusaini mkataba.

Nilimpigia mume wangu nikiwa bado nimenuna. Nikamuuliza nani alimtuma azibe zile ncha.

"Zilikuwa kali," akasema. "Nikajua watoto watazishika tu. Hakuna aliyechomwa?"

Nikamwambia hakuna. Kisha nikakaa kwenye ngazi za ofisi, nikacheka na kulia kwa pamoja. Huyu mtu nampenda, na leo simwambii, atavimba kichwa.